Mbegu Katika Fundo la Kikwembe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikisahau mengine yote bado nitaikumbuka. Nilikuwa karani pale stesheni ya treni ya Kamina, enzi za Zaire, kijana wa abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Dirisha la ofisi yangu lilitazama soko, ng'ambo ya reli. Siku hiyo niliinua macho kutoka kwenye kazi, nikamwona mke wangu Ngoie amesimama na askari.

Askari wa kambi ya Base hawakuwa ajabu sokoni. Wake zao walikuja na lori la jeshi kuuza na kununua, na watoto wao wakubwa waliovaa magwanda waliwasindikiza. Lakini kijana huyu alimpa mke wangu kitu kidogo kilichokunjwa katika karatasi, akamwambia maneno mawili matatu, na Ngoie akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akakifunga kile kitu katika pindo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, pale wanawake wanapofunga vitu wasivyotaka vipotee.

Nataka unielewe vizuri. Kile kitu hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kicheko. Nyumbani kwangu Ngoie alikuwa mtu wa kutabasamu kidogo na kuendelea kutwanga sombe yake, majani ya muhogo, sasa huyu mtoto wa watu amesema nini mpaka mke wangu acheke hivyo mbele ya soko zima? Nilirudi kwenye karatasi zangu na sikuona herufi hata moja.

Kabla sijaendelea, nikuambie jambo. Ngoie alipenda maua tangu kwao Kabondo-Dianda. Tulipooana tu, alipanda mbegu za maua katika makopo ya sardini, akayapanga dirishani sebuleni. Nje kulikuwa na mbuzi wa majirani, na wewe unaijua baridi ya Kamina mwezi wa sita, mche mchanga hauivumilii. Mimi nikamwuliza, "Maua inakulwa?" Nikayatoa makopo nje, na mbuzi wakamaliza kazi siku hiyohiyo.  Tangu hapo hakunizungumzia maua tena, na mimi nikadhani yamemtoka moyoni. Hayo nilikuwa nimeyasahau siku ile ya askari. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Basi lile fundo halikutoka kiunoni mwake. Akipika, liko. Akienda kisimani, liko, na mkono wake unalifunika. Tena lilikuwa na unyevu siku zote, doa la maji juu ya kikwembe, na mimi nikajiuliza ni kitu gani hiki kinachonyweshwa maji kama mtoto. Siku zile za kwanza, nikirudi kutoka kazini, nilisikia kitu kinasuguliwa juu ya jiwe nyuma ya jiko, nikitokea, kimya. Watu wa wakati ule waliongea sana habari za dawa, dawa ambayo mwanamume humpa mke wa mwenzake ili amvute. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na macho yangu yote yako kwenye nguo ya Ngoie.

Utaniambia, kwa nini hukuuliza? Kuuliza si ujinga, ndiyo. Lakini mwenye wivu hataki kuuliza, mwanangu, kwa sababu akiuliza anaweza kujibiwa. Anapenda zaidi kukaa na wivu wake, aulishe, aunenepeshe. Mimi wangu ulinenepa hata bukari, ugali wetu, haikupita kooni.

Jumapili moja nilimwona kanisani, wimbo unaendelea, mkono wake uko juu ya fundo. Hata hapa, nikasema moyoni. Tulipofika nyumbani sikuvua hata viatu.

"Fungua."

"Tata, ngoja kidogo." Aliniita Tata, baba, hata siku hiyo.

"Fungua minyi nione."

"Bado. Ungoje siku kidogo tu, minyi mwenyewe nitakuonyesha."

Kungoja tena? Nilishika pindo la kikwembe nikalivuta, likapasuka. Juu ya sementi zikaanguka punje nyeusi, duara, ngumu kama risasi za kuwindia ndege, na kila moja imetoa kimzizi cheupe kama jino la kwanza la mtoto mchanga. Niliruka nyuma kwa mshangao, na kwa viatu vyangu vya Jumapili nikakanyaga kadhaa.

Ngoie alipiga magoti akaanza kuziokota. "Ni mbegu ya maua, Tata. Mama Bolumbu wa ku Base njo alinitumia, mutoto yake njo aliileta. Inataka joto ya mwili, sababu hii baridi itaiua."

Mama Bolumbu alikuwa mke wa askari mmoja mzee, mtu wa jimbo la Équateur, aliyeuza samaki wa kukaushwa sokoni. Yeye ndiye aliyemfundisha Ngoie. Mbegu ya ua lile ina ganda gumu. Ukiifukia hivihivi itakaa ardhini mpaka ukate tamaa. Lazima uisugue jiweni mpaka weupe uonekane, uiloweke katika maji ya vuguvugu, halafu uifunge katika kitambaa chenye unyevu na uipe joto. Na wakati wa baridi, joto gani linalodumu mchana na usiku kushinda tumbo la mtu?

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha, akanywa maji, akalala. Mimi wivu wangu haukufa, ulihamia kiti kingine. Sasa nilizionea wivu mbegu. Ngoie alikaanga udongo juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, ili wadudu wafe. Alitoboa makopo ya maziwa kwa msumari chini, akatia mchanga, udongo na majani yaliyooza, akazilaza mbegu zilizosalia kana kwamba zinaweza kuumia. Kila asubuhi aliyageuza makopo dirishani ili miche isiinamie mwangaza upande mmoja. Maji yao aliyapasha moto. Yangu ya kuoga yalikuwa ya baridi. Unacheka? Cheka. Mimi sikucheka, nilikuwa mwanamume mzima mwenye mshahara wa serikali, nakodolea macho makopo ya maziwa kwa chuki.

Na kile kicheko sikukiacha. Nilikiingiza katika kila mazungumzo. Chumvi imezidi, askari alisema nini? Mvua haijanyesha, ulicheka kwa nini? Mwishoni Ngoie aliacha kunijibu. Asubuhi moja alifunga mzigo mdogo.

"Minaenda kwa mama," akasema. "Ile makopo uipe maji ama usiipe. Iko nyumba yako."

Nilimwona akipanda treni ya Kabondo-Dianda. Nilikuwa kazini, na mimi mwenyewe ndiye niliyemkatia tiketi, kwa sababu dirisha la tiketi lilikuwa langu siku hiyo. Alisema "asante" kama wanavyosema abiria wote.

Nyumbani nilibeba kopo la kwanza mpaka mlangoni. Mbuzi wa jirani aliinua kichwa, anajua kazi yake. Nilisimama pale. Ule mche ulikuwa na majani mawili, mapana kidogo, kama mgomba wa kuchezea. Nikaona nikilitua kopo hili chini, nimemaliza kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikalirudisha dirishani.

Usinisifu. Niliyanywesha makopo yale kwa wivu. Niliwaza kwamba atayarudia maua yake, na akirudi atanikuta mimi hapo. Mwanzo niliyapa maji ya baridi, mche mmoja ukalegea. Nikawasha mbabula nikapasha maji. Asubuhi niliyageuza makopo kabla ya kwenda kazini, na nilifunga mlango kwanza majirani wasinione.

Halafu mama mkwe wangu akaja.

Kwetu Baluba, mama wa mke wako hamtazamani usoni, wala hamli pamoja. Akipita njia hii wewe unapita ile. Sasa mama yule alishuka treni peke yake, akafika uani kwangu, akageuza mgongo na kukaa kwenye kigoda nje ya mlango. Mimi niliyatoa makopo nikayaweka kizingitini bila kuinua macho, nikarudi ndani nikasimama nyuma ya mlango. Hakusema na mimi, haiwezekani. Alisema na makopo.

"Nyinyi makopo, munaamuka muzuri? Minyi nilitumwa kuwachukua. Ngoie alisema, 'Mama, uniletee makopo yangu.' Hakutaja kintu ingine."

Kitu kingine ni mimi, mwanangu. Nilitajwa kwa kutotajwa. Pale nyuma ya mlango wivu ulinichoma kuliko siku ya sokoni: makopo yanaitwa nyumbani na mume haitwi.

Mama aliendelea polepole, kama mtu anayechambua mboga. "Kuko bantu banaona mbegu inaota, banauliza, 'Nani aliipa joto?' Habaulize, 'Na minyi nilipeleka joto wapi?' Mutu anaona bibi yake anacheka na mwengine, anakasirikia ule mwengine. Hakasirikie kinywa yake mwenyewe, yenye haikumuchekesha hata siku moja."

 Nilisikia kuku wakiparura uani.

"Ngoie naye alifunga mbegu mu kikwembe," akasema. "Kufunga haiko mubaya. Lakini yeye alifunga na maji na joto, njo sababu iliota. Ukifunga mbegu mu ngumi mukavu, itaoza mule, na weye utasema ni mwizi alikuibia."

Nikaona kivuli cha mkono wake kinashuka, kidole kikagusa udongo wa kopo, kisha kopo la pili.  Nadhani ndipo alipojua udongo una maji, na maji hayakuwa baridi. Sauti yake ilibadilika.

"Minyi niko muzee. Mikono yangu haiwezi kubeba yote hii ku treni. Kama mu hii nyumba kuko mutu mwenye mikono, treni inajua njia ya Kabondo."

Akajifunga kitambaa chake kichwani, akaondoka kwenda kulala kwa ndugu yake mjini, bila kugeuka.

Nilisafiri na makopo yale katika sanduku la mbao juu ya mapaja yangu, nimevaa abakosti. Behewa zima lilinifurahia. "Situayeni," akasema mzee mmoja mwenye kapu la samaki, maana enzi zile sote tuliitana raia, "unapeleka bustani wapi?" Nikamjibu, "Kwa mwenyewe." Kila treni iliporuka niliyakumbatia. Udongo ulimwagika katika suruali yangu yenye mkunjo wa pasi.

Ngoie alitoka nyumbani kwa mama yake aliponisikia nikibisha. Hakunitazama. Alitazama sanduku. Aligusa jani moja moja, akapekua chini ya majani kama kuna wadudu, akageuza kopo hili, akageuza lile. Sanduku lilinilemea mikononi, na wivu ukanipanda. Neno lilikuwa tayari mdomoni: Na minyi je? Siku nyingine zote ningelitema. Siku hiyo nililimeza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikangoja.

Akamaliza kopo la mwisho. "Hii uliipatia maji mingi," akasema.

"Ni kweli."

"Uliyapasha moto?"

"Niliyapasha."

Ndipo akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, suruali yenye udongo na yote. "Unataka kujua juu ya nini nilicheka?"

"Kama weye unataka kusema."

"Mama Bolumbu alituma maneno kwa mutoto yake. Alisema hii mbegu inaota mbio kama bwana iko anakoroma karibu yake. Minyi nikamujibu, kwetu itaota leoleo."

Nililitua sanduku chini palepale. Kicheko nilichokionea wivu mwezi mzima kilikuwa changu, mwanangu. Mtu alikuwa ananicheka mimi, kwa mapenzi, mbele ya soko zima, na mimi nikaenda kumpasulia nguo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimemlea mpaka nimezeeka. Tulirudi Kamina, na mvua zilipokuja tukaihamishia miche nje, nikaizungushia miiba kwa mikono yangu. Ilitoa maua ya manjano yenye madoa mekundu. Mbuzi waliyatazama kwa mbali.

Sasa wewe umekuja kwangu, umekaa na uso mzito, unasema mke wako anaitazama simu yake na kutabasamu, na unataka nikushauri umnyang'anye. Sikia. Wivu mimi sikuuacha, ningekudanganya. Ninao hadi leo. Nimeufundisha tu kukaa na kungoja zamu yake. Usimpasulie mtu fundo lake, kwa sababu kilichomo kinaweza kuwa kinaota kwa ajili ya nyumba yenu, na ukikiangusha kabla ya siku yake hutakiokota chote. Uliza kwa sauti ya mtu anayetaka jibu. Kama hukumbuki mara ya mwisho mkeo alipocheka na wewe, basi anza hapo, simu iache. Na ukitaka kumfunga mtu kwako, mpe maji na joto. Mkono mkavu hauotesi kitu.

Umesikia huko jikoni? Huyo ni Ngoie, anacheka. Sijui yuko na nani, na ndiyo, moyo wangu umeshtuka kidogo. Nitamwuliza baadaye.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye kicheko, na akupe subira ya kukiacha kiishe ndipo uulize.