Nusu ya Shofere Iko Kushoto

Kwetu Butembo gari zinatembea upande wa kuume wa barabara, na volant, usukani, nayo iko upande wa kuume wa gari. Kila mutu wa kwetu anajua sababu. Zile voiture zinatoka mbali, zinapitia Uganda, kule ambako batu banatembea kushoto, na zinatufikia vile ziko. Donc shofere wetu anakaa karibu na mufereji. Anaona majani vizuri, anaona mbuzi, anaona hata viatu vya batu. Mais akiwa nyuma ya kamio, lori kubwa, na anataka kuipita, haoni kitu. Anaona tu mugongo wa kamio. Mwenye kuona njia ni ule anayekaa kushoto.

Ule nilikuwa mimi.

Papa yangu alikuwa anabeba batu kati ya Butembo na Beni. Kiti cha mbele cha kushoto, ambacho bashofere wengine banapakia batu babili, yeye alikiweka kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeacha masomo mu troisième ya sekondari, na mama alisema ni afadhali nikae mu gari kuliko kukaa mu mulango nikiangalia mawingu. Kazi yangu ilikuwa neno moja. Papa anasogeza pua ya gari kidogo, anauliza, "Kuko?" Kama mutu anakuja, ninajibu, "Kuko." Kama njia ni nyeupe, ninajibu, "Hapana." Hapana, hakuna mutu. Na yeye anakanyaga.

Fikiria sasa. Mu nyumba zote za Mususa, mutaa wetu, mutoto akisikia hapana anajua amenyimwa kitu. Kwangu hapana ilikuwa neno la kwenda, na nililipenda sana.

Nililipenda juu mimi si mutu wa kutulia. Hata mu misa miguu yangu inafanya kazi chini ya benchi: ule wa kushoto unasukuma embrayage, ndiyo klachi, ule wa kuume unakanyaga mafuta. Papa alinifundisha kuendesha siku za Mungu, baada ya misa, mu kiwanja cha mupira, hata akanitafutia permis, leseni ya kuendesha, na tangu siku ile sikupata tena amani. Mu kichwa changu nilikuwa nimeshafika Kisangani mara nyingi. Hata Kinshasa, ingawa batu banasema hakuna barabara ya kufika kule. Mu kichwa changu ilikuwako, na nilikuwa ninaimwagia lami mimi mwenyewe, kipande kwa kipande, kila nikichoka kuangalia vumbi.

Papa alikuwa anaona miguu yangu inacheza, anacheka. "Mama, acha kumaliza embrayage ya watu." Ananiita mama, juu nilipewa jina la mama yake.

Sijui ni siku gani nilianza kuogopa. Kwanza ilikuwa mikwaruzo. Gari yetu ni nyeupe, na mikwaruzo yote ilikuwa upande mumoja, wa kushoto. Papa alisema ni bamotard, batu ba pikipiki, hawana adabu. Nikakubali. Kisha nikaona vile anapima huile, mafuta ya moteur, asubuhi. Anachomoa ile fimbo ya chuma, anaipanguza na kitambaa, anairudisha, anaichomoa tena, ni vile vile alivyonifundisha. Mais kuiangalia, anageuza kichwa upande, kama kuku anayemuchunguza mwewe mu mbingu. Jicho moja tu. La kuume.

Siku ingine alikuwa anaongeza maji mu radiateur na nusu ya maji ikaenda inje, upande wa kushoto wa tundu. Hakuona. Aliendelea kunisimulia juu ya pneu, matairi mapya, na maji yanashuka juu ya viatu vyake.

Nikaona, na nikanyamaza. Ningesema nini? Papa yangu hana shamba, hana duka. Kile batu banajua juu yake ni kwamba hajawahi kuangusha mutu. Bamama ba soko banangojea gari yake hata kama zingine tatu ziko tayari. Kumwambia "Papa, hauone tena" ilikuwa kama kumvua koti mbele ya batu. Donc nikaanza kuona kwa ajili yake. Nilikuwa ninasema kila kitu. Papa, pikipiki kushoto. Papa, mbuzi. Papa, shimo. Papa, mutoto na baiskeli ya mbao.

"Weye sasa unaongea kama redio," alisema. "Batterie yako haiishake?"

Nilicheka, juu mimi ninacheka haraka.  Mais kila tukitoka nilikuwa ninaomba tusikute kamio.

Ile siku ninayotaka kusimulia, baridi ya asubuhi ilikuwa ingali juu ya vioo. Papa alifungua capot, kifuniko cha moteur. Maji, iko. Huile, iko. Kisha akagusa kile kichupa cha maji ya frein, ya breki, akageuza kichwa chake cha kuku. "Iko bien."

Niliangalia. Ilikuwa chini ya alama.

"Papa, iko chini."

"Iko bien, mama. Funga."

Alipokwenda kumwamkia jirani, nilipiga magoti nikaangalia nyuma ya kila gurudumu kama kunavuja. Kulikuwa kukavu. Basi ni plaquettes, vile vibao vya frein, ndizo zimekwisha. Zikikonda, yale maji yanashuka yenyewe. Nikaongeza kidogo mpaka alama, nikafunga, nikajipanguza mikono mu kitenge. Moyoni nilisema: tukifika Beni, kwa fundi kwanza. Na leo nitamwambia. Leo, leo. Nimekuwa ninasema leo tangu mvua ya kwanza.

Tulikuwa na batu babili nyuma. Mumoja ni mama anayenunua kakao Beni, mutu munene wa furaha, na rozari mu mukono. Mwingine tulimuchukua mu mutaa wa Vulamba, mwalimu aliyetumwa kwetu kutoka mukoa wa mbali, na Swahili yake ilikuwa na shati na tai. Baridi ya Butembo ilikuwa imemushinda. Alivaa makoti mawili.

"Mademoiselle," aliniuliza, "wewe hapo mbele ni convoyeur, yaani utingo, au ni mwenye gari?"

Mama wa kakao alijibu mbele yangu. "Ule ni macho ya gari, mwalimu. Bila ule hatufike."

Papa akacheka. Mimi nikaangalia njia tu.

Tulikwenda vizuri mpaka mutelemuko wa Kabasha. Pale njia inashuka na kujikunja, na kila ukishuka hewa inapata joto kidogo. Mbele yetu kulikuwa kamio moja ya viazi, imejaa mpaka inaegemea, inashuka pole pole kabisa. Vumbi yake yote iliingia kwetu. Papa aliweka vitesse ya pili, gia ya kushukia, vile anafanya sikuzote. Anasema frein ni ya kusimama, haiko ya kushukia. Tukafuata. Tukafuata tena. Miguu yangu ilikuwa inawaka.

"Papa shofere," mwalimu akasema, "kwa mwendo huu wanafunzi wangu watakuwa wameoa."

"Bana ba sasa banaoa mbio," mama wa kakao akasema, na bote babili bakacheka.

Yale macheko yalimuchoma papa, nilimwona. Mutu aliyejulikana kwa kufika. Akasogeza pua ya gari. Mais hakuuliza vile anauliza sikuzote. Aliuliza, "Nipite?"

Kona ilikuwa inapinda kushoto. Niliona, kati ya kamio na ukingo, pikipiki inapanda, imejaa mikungu ya ndizi kila upande, pana kama kitanda.

"Hapana!" nikasema.

Na papa akapita.

Alisikia hapana yetu, ile ya miaka yote. Mimi nilisema hapana ya batu bote. Sijui kama kuna mahali pengine mu dunia ambapo mutu anaweza kufa kwa kosa kama lile. Gari iliruka mbele, kamio ikawa upande wa papa kama ukuta, na ile pikipiki ikatokea upande ule ambao jicho lake halina kazi. Alikuwa anaangalia mbele, ametulia kabisa. Hakuwa ameona kitu.

"Kuko! Kuko! Papa, kuko!"

Alikanyaga frein na miguu yote. Pedali ilishuka sana, kisha ikashika. Kamio ikatutangulia na papa akarudisha gari nyuma yake. Motard alikuwa ameshakata kwenda mu majani. Nilisikia ndizi zinaanguka, tap, tap, tap, na ndani ya gari yetu rozari ilikuwa inakwenda mbio kuliko moteur.

Tulisimama pembeni. Papa akavuta frein ya mukono, akatoka. Mimi nikatafuta jiwe, nikaliweka chini ya gurudumu. Motard alikuwa amesimama mu majani, muzima, na kofia yake imegeuka. Kijana tu wa miaka yangu. Alikuja na hasira ya mutu aliyeona mauti na hakuipenda.

"Papa! Uko kipofu?"

Mu njia zetu lile ni tusi la kila siku, kama salamu. Mutu anajibu, "Kipofu ni baba yako," na banaendelea. Papa yangu alijua kujibu kuliko batu bote. Nilimungojea ajibu. Aliangalia gari, akaangalia zile ndizi mu vumbi, akaniangalia mimi. Aligeuza kichwa kunitafuta, juu nilikuwa upande wake wa kushoto.

"Ya kushoto, ndiyo," alisema. "Ya kuume inaona bien."

Motard alikosa pa kuweka hasira. "Namna gani?"

"Jicho. Ya kushoto ilikufaka. Ina mwaka sasa."

 Mama wa kakao alishuka, akaanza kuokota ndizi, na sisi wote tukamufuata, mwalimu na makoti yake mawili, papa, motard mwenyewe. Nilikuwa ninaokota na ninalia, na ndizi moja nilikuwa ninaiweka mu mukungu kama vile itaweza kushika tena. Papa alipiga magoti karibu nami.

"Ulijua?" akauliza pole.

"Nilijua, papa."

"Na haukusema."

"Weye pia haukusema."

Akapumua. "Mama yako naye alijua. Kila siku anahamisha kikombe changu kuume. Tuko watu watatu tunafichana kitu moja mu nyumba ndogo vile."

Gurudumu la mbele lilikuwa linatoa moshi kidogo, na harufu ile ya frein iliyochoka. Mwalimu, kwa moyo muzuri, alikwenda na chupa yake ya maji.

"Hapana!" papa akapaza sauti.

Mwalimu akasimama, chupa juu. "Papa shofere, samahani. Hiyo hapana ni ya kumwaga, ama ni ya kutomwaga?"

Mama wa kakao alicheka mpaka akakaa chini mu majani. Hata motard alicheka. Papa akaeleza kwamba chuma ya moto haipendi maji ya baridi, inapasuka. Inataka wakati tu. Basi tukaipa wakati. Motard alifunga mikungu yake upya, papa akamushikia kamba. "Wasingya," kijana alisema, ni asante ya Kinande, na akapanda zake. Nilimusikia mpaka kona ya tatu.

Frein zilipopoa, papa alizunguka gari. Alifungua mulango wa kushoto, akaingia, akafunga. Mimi nilikuwa ningali inje. Nilifikiri amekosea upande.

"Papa?"

"Panda, mama. Batu banangojea."

Nilikuwa nimeota ile siku mara elfu, na mu ndoto zangu kulikuwa lami na muziki. Hakukuwa na papa yangu amekaa kushoto, mikono juu ya magoti kama mutu mu bureau anayengojea kuitwa. Niliomba miguu yangu itulie, na haikutulia. Niliweka vitesse ya kwanza, nikaondoa jiwe... hapana, niseme ukweli: nilisahau jiwe, ni mwalimu aliyelitoa akikimbia, akapanda akihema.

Tulikuta tena ile kamio ya viazi. Ilikuwa inatungojea, unaweza kusema. Nilikaa nyuma yake, mbali kidogo, vitesse ya pili, nikagusa frein na kuachilia, kugusa na kuachilia.

"Unaweza kupita," papa akasema mahali pamoja. Alikuwa amegeuka kabisa mu kiti, jicho lake la kuume mbele. "Njia iko wazi mpaka kule chini."

Nilijua inaona bien. Nilijua pia mwalimu amechelewa. "Tutafuata, papa," nikasema.

Mwalimu akafungua mudomo. Mama wa kakao akamugusa goti. Akaufunga.

Tulimeza vumbi ya viazi mpaka Beni. Kule joto lilitupokea, na mwalimu alivua koti la kwanza, kisha la pili. Mu barrière, kizuizi cha njia, basoda, ndio askari, balitusimamisha. Mumoja, mwenye miwani ya jua, alikuja moja kwa moja upande wa kuume, akaniona, akainama kumwangalia papa yangu.

"Papa, shofere ni nani hapa?"

Niliangalia mbele. Sikutaka kumusaidia, na nilitaka kumusaidia. Papa alichukua wakati wake. Alishusha kioo chake mpaka chini.

"Ni ule," alisema. "Mimi niko passager."

Ule soda akanigeukia. "Permis?"

Nilimupa. Ilikuwa mupya sana, ilishikamana na karatasi yake. Aliisoma, akanirudishia, akapiga paa la gari na kiganja. "Kende, yaya." Kwa lingala yake alikuwa ananiambia niende, dada.

Nikaachilia embrayage mbio kupita kiasi. Gari ikaruka kama chura, ikazimika pale pale mu katikati ya barrière. Pikipiki zote zikapiga honi. Basoda bakacheka mpaka mumoja akashika mwenzake mu bega. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Usiwaangalie," papa akasema, pole, kutoka kushoto. "Toa vitesse, point mort kwanza. Sasa ufunguo."

Nikatafuta point mort, nikageuza ufunguo.