Plagi ya Tatu

Nakumbuka asubuhi pikapu yangu ilipoanza kumisi pale sokoni Kalerwe, imejaa ndizi, wachuuzi wananicheka. Jana yake tu nilikuwa nimewekewa plagi nne mpya za kuwashia injini, mwanangu, enzi ambazo plagi ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulinunua kwa kujificha. Injini inatetemeka, inakohoa, inaruka mapigo. Nikatukana mpaka nikaishiwa matusi. Ndiyo, mimi huyu unayeniona na rozari.

Fundi wangu alikuwa Mkongo mmoja wa mtaa wa Bwaise, mtu mpole asiye na ndugu mjini. Moyo wangu ukamhukumu papo hapo: ameniwekea plagi mbovu kwa sababu mimi ni mwanamke. Nikasahau kwamba nilitoka kwake pikapu ikienda vizuri kabisa, ikafika nyumbani Kamwokya, ikalala uani.

Miaka ile ya wanajeshi, hasira kama hiyo haikuwa mchezo. Kila mtu alimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Ulimshuku muuza maziwa, ulimshuku hata anayekusalimia kwa bashasha kanisani. Na ukitaja jina la mtu mbele ya mwenye bunduki, basi: anaingizwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, na mkewe hajui aende kumtafuta wapi.

Mwenye bunduki nilikuwa naye nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa askari wa jeshi, na tuliishi ua mmoja. Nilipowasili nikilalamika kwamba pikapu inamisi, nilimkuta anafuta pikipiki yake. Hata hakuuliza inamisi vipi.

"Huyo Mkongo ameweka tatu mpya na moja ya zamani," akasema. "Wewe nipe jina yake. Jina tu, dada. Sisi tutaongea na yeye."

Banange, jina lilikuwa limeshafika mdomoni! Kisha nikashtuka. Tatu mpya na moja ya zamani, yeye amejuaje? Boneti mimi sijaifungua tangu Bwaise.

"Ngoja niangalie kwanza."

"Uangalie nini? Wewe ni fundi?"

Marehemu baba yetu alikuwa dereva wa polisi, na alinifundisha. Unawasha injini, unashika kitambaa kikavu, unachomoa waya za plagi moja moja. Ukichomoa ya plagi nzima, injini inazidi kuyumba. Ukichomoa ya plagi iliyokufa, injini haijali. Nikachomoa ya kwanza, ikayumba. Ya pili, vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Nikazima. Plagi ile ilifunguka kwa vidole tu juu ya kitambaa, nyeusi tii, imelowa oili. Zile nyingine zilitaka spana na nguvu zote za mkono. Fundi gani atakaza tatu namna hiyo halafu aache moja inacheza? Aliyeiweka hii hakuwa fundi, na alikuwa na haraka.

Nikaiangalia pikipiki. Ilikuwa imelala uani muda mrefu kwa kukosa plagi, na asubuhi ile niliisikia ikiwaka. Mwanangu, nisikudanganye, niliogopa. Nilimwogopa ndugu yangu wa tumbo moja kuliko askari yeyote wa barabarani.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umeona?"

"Nimeona. Waya ilikuwa imelegea. Fundi hana kosa." Plagi nilikuwa nimeifumbata, bado ya moto, inaniunguza kiganja.

"Na jina yake?"

"Nimesahau."

Akacheka, akapanda pikipiki, akaenda zake. Tangu hapo tulisalimiana tu.

Baadaye nilirudi Bwaise. Fundi akafungua, akakuta plagi yake moja haipo. "Mama, nani aligusa kazi yangu?" Nikasema ni mimi. Akaninunia, eti namharibia jina. Nami nikafurahi kweli kununiwa na mtu aliye hai.

Kwa hiyo, mwanangu, kitu kikikuharibikia, kiangalie kwa macho yako kabla hujamshuku mtu. Anayekuharakisha umtaje mwenzako, muulize yeye amejuaje. Na jina la mtu usilitoe ukiwa na hasira, maana hujui nani amekaa analisubiri. Mungu akupe utulivu wa kuangalia na ujasiri wa kunyamaza, na akujalie ndugu ambao hutahitaji kuwaogopa.