Baba Atafuta Jina la Vita

Katika miaka ile ya sabini, wanajeshi walipotawala nchi, mji wetu wa Arua ulikuwa na mashujaa wengi kuliko mbwa. Kila aliyevaa buti alikuwa simba. Aliyevaa buti na miwani ya jua alikuwa simba mara mbili, na ukimsalimia bila kumwita hivyo alikutazama mpaka ukakumbuka. Bibi yangu, mzaa mama, hakulivumilia jambo hilo hata kidogo, kwa sababu maneno ya ushujaa yalikuwa kazi yake.

Yeye ndiye aliyepiga na kuimba doluka, ngoma ya wanawake wetu wa Kinubi, kwenye harusi kuanzia Arua hadi Koboko. Katika doluka wanaume husifiwa, na kwa Bibi sifa zilikuwa na vyeo vyake. Nyati alikuwa mtu aliyejeruhiwa akarudi kupigana. Chui alikuwa aliyekwenda peke yake. Simba alikuwa aliyebaki amesimama wakati wenzake wote wamekimbia, na huyo, katika maisha yake yote, alikuwa amemwimba mara mbili tu, tena mmoja wao alikuwa mwanamke. Hakumwimba mtu bila shahidi, na shahidi sharti awe mtu asiyempenda huyo anayesifiwa.

"Mutu anakupenda, anaona mbili mahali iko moja," alikuwa akisema.

Basi mimi nikaposwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mchumba wangu alitoka Koboko, katika ukoo uliokuwa wa jeshi tangu enzi za mababu waliokuja kutoka Sudan. Siku ya harusi ilikuwa lazima baba wa bibi harusi aimbwe mbele ya wageni, kisha upande wa pili ujibu kwa kuwasifu watu wao. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani pale sokoni akishona sare za kaki za wanaume wengine, na aliogopa radi, bata mzinga, na mtu yeyote anayekunja uso.

Sitasema uongo: nilimwonea haya. Niliomba kimyakimya apate malaria siku ya harusi. Malaria ndogo tu, ya siku moja.

Naye alijua kwamba namwonea haya. Majuma matatu kabla ya siku yenyewe alikwenda kwa Bibi, akaketi kwenye mkeka, akakohoa.

"Mama, siku ile utaimba mimi namna gani?"

"Wewe iko fundi muzuri. Nitaimba fundi muzuri."

"Watu ya Koboko watacheka."

"Basi fanya kitu."

Akafanya. Jumamosi alikwenda Manibe kununua muhogo, akarudi amevaa kiatu kimoja, akatangaza kwamba amekutana na fisi njiani, akampiga kiatu cha uso, fisi akatoka mbio. Shahidi alikuwa ndugu yake, aliyeapa kwamba fisi yule alikuwa na ukubwa wa ndama. Bibi akauliza yuko wapi shahidi asiyempenda. Hakuwapo. Jumatatu akaja mwenyewe: mwanamke wa Manibe, kikapu kichwani na kiatu mkononi, akiuliza mlango kwa mlango ni mwanamume gani aliyempiga mbwa wake mzee asiye na meno. Bibi alikipokea kiatu kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka juu ya cherehani ya Baba. Juma zima habari za ushujaa hazikusikika nyumbani kwetu.

Siku ikafika. Lori la Koboko liliwasili baada ya sala ya adhuhuri, limejaa watu wanaoimba. Mimi nilitakiwa kukaa chumbani nimefunikwa uso, huku shangazi yangu amenishika mkono nisije nikafanya vituko. Lakini dirisha lilikuwa wazi na mtandio ulikuwa mwepesi. Niliona kila kitu.

Mgeni mkubwa alikuwa mjomba wa bwana harusi, ofisa wa jeshi, aliyekuja na gari la jeshi lililo wazi nyuma, askari wawili wenye bunduki, na tumbo lililokua haraka kuliko sare yake. Kabla hata Baba hajaimbwa, yeye akasimama katikati ya uwanja akaanza majigambo. Yeye simba. Yeye simba anayekula simba wengine. Mto ukimwona unarudi ulikotoka. Alipokwisha kuumaliza msitu mzima akamgeukia Bibi.

"Mama muzee, imba sasa. Sema mimi iko simba."

Bibi akalaza viganja juu ya ngoma. "Nani alikuona?"

"Watu yote wanajua!"

"Wewe nilikupokea na mikono yangu hii siku mama yako alikuzaa. Ulitoka matako mbele. Tangu siku ile mimi hapana ona kitu ingine. Mimi hapana imba uongo."

 Katika miaka ile watu walipotea kwa maneno mepesi kuliko hayo. Ofisa akaweka mkono kwenye bastola, akapanua miguu, akavuta pumzi ndefu ya kumjibu, na suruali yake ikaachia. Ilipasuka kuanzia kwenye mkanda mpaka chini kabisa.

Ndani alivaa chupi iliyoshonwa kwa gunia la unga, lile la kitambaa, maana hata wakubwa hawakupata nguo madukani. Juu ya matako yale yale aliyoyataja Bibi, maandishi ya bluu yalitangaza uzito wa unga. Mwenyewe hakujua. Alisikia sauti akadhani kuna mtu amemdhihaki kwa mdomo.

"Nani amefanya hivyo?" akanguruma.

Wanawake wa doluka walikuwa wamejaza khanga midomoni. Kicheko kimoja kingetoka, Bibi angekwenda na gari lile, na sote tulijua. Nikatazama upande wa Koboko, ule ukoo wa jeshi. Simba wote walikuwa wakichunguza mawingu.

Ndipo nikamwona Baba akijibandua ukutani.  Alichomoa sindano yenye uzi kwenye kola ya shati lake, akapita katikati ya wale askari wawili, akasimama nyuma ya ofisa.

"Afande, suruali imepasuka. Usigeuke, watu wataona zaidi. Mimi iko fundi."

Ofisa aligeuza shingo tu. Sauti yake ikapungua. "Imepasuka sana?"

"Sana, Afande."

"Shona."

Baba akapiga magoti. Mkono wake ulitetemeka hata mimi niliuona kutoka dirishani, na kila sindano ilipoingia nilifumba macho. Alipofika nusu ya safari ofisa akaruka, "Ai!" na bunduki mbili zikainuka.

"Samahani, Afande," Baba akasema kwa sauti ya mwanambuzi. "Pale haikuwa kaki."

Ofisa akawaashiria askari washushe bunduki. Baba akaendelea mpaka mwisho. Mkasi hakuwa nao, kwa hiyo mbele ya wageni wote wa Koboko baba yangu mzazi aliweka uso wake mahali pale, akakata uzi kwa meno.

Kwa hofu alikuwa ameshonea na shati humo humo. Ofisa alipojaribu kukaa, shati lilimvuta nyuma na kola ikamkaba. Ikambidi asimame wima kama mlinzi wa lango, na ni vigumu sana kumtisha ajuza huku nguo yako mwenyewe inakunyonga. Akatazama saa, akasema kazi inamwita, akaondoka amesimama nyuma ya gari, ameshika chuma, na sisi tukampungia mikono kwa heshima zote. Gari lilipopinda kona tulicheka mpaka mzee mmoja wa Koboko akaishiwa pumzi, akamwagiwa maji.

Baba hakucheka. Alikuwa amekaa chini penye ukuta, sindano bado mkononi, analia. Nikavua mtandio. Shangazi akapiga kelele, sikujali. Nilitamani kutoka nikamwombe radhi kwa ile malaria niliyomwombea.

Bibi akawageukia wageni. "Nyinyi hapana penda huyu mutu," akawaambia. "Lakini mumeona?"

"Tumeona!" lori zima likajibu.

Akapiga doluka. Hakusema simba, wala chui, wala nyati. Aliimba tu kile kilichotokea: mkono ulitetemeka, mshono ukanyooka, mkono ulitetemeka, mshono ukanyooka. Wanawake wa Koboko ndio waliokuwa wa kwanza kupiga vigelegele, kisha Bibi akainua kiganja na wote wakanyamaza.

"Fundi," akamwita. "Umesikia?"

Baba akapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Hapana, Mama. Kelele iko mingi. Imba tena."

Hapakuwa na kelele yoyote. Bibi akaimba tena.