Ngazi Hazijaokoka

Tup. Shrr. Pa. Kwanza fimbo, halafu ndara ya mguu mbaya, mwisho ndara ya mguu mzima. Kisha kimya kidogo cha kuvuta pumzi, na mwanzo tena. Hivyo ndivyo jirani yangu alivyoshuka ngazi za ploti yetu pale mtaa wa Mowlem kila asubuhi, vidato arobaini na vinane kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini, na mimi nikiwa bado kitandani nilijua kumekucha. Alhamisi iliyopita nilikuwa namenya viazi redio ikisoma matangazo ya vifo, na katikati ya majina ya watu nisiowajua likapita jina lake. Ameaga dunia nyumbani kwake, akasema mtangazaji, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Sentensi moja, uongo mara mbili. Kule alikofia hakukuwa nyumbani kwake, na muda mrefu hakuugua. Alikuwa mama mzee mwenye goti bovu, basi, mpaka mwaka jana tulipoamua kumponya.

Nyinyi mnaosoma safu hii mmezoea nicheke nanyi. Mnanijua mimi, msichana aliyeishia darasa la nane, anayejenga maghorofa kichwani na kuwagawia majirani vyumba. Leo mtanivumilia. Nina uchungu, na katika uchungu huo umo mkono wangu mwenyewe.

Ploti nzima ilimwita Kukhu, kwa sababu kwao magharibi ndivyo anavyoitwa nyanya. Mumewe alikuwa mtu wa reli, wakakaa Makongeni miaka na miaka, na mume alipofariki nyumba ya kazi ikaondoka na mwenye kazi. Ndipo akahamia kwetu, chumba kimoja juu kabisa, kwa kuwa vyumba vya chini watu huving'ang'ania kama urithi. Kabla ya hapo alikuwa amesugua sakafu za maofisi ya mjini kwa zaidi ya miaka ishirini, si kwa mopu ya mpini mrefu, la, kwa magoti, kitambaa mkononi na kopo la nta kando, akirudi nyumanyuma mpaka mlangoni. Wenye viatu walipita juu ya kazi yake wakijiona sura zao. Goti la kulia ndilo lililokuwa la kwanza kudai haki yake. Tulipomjua alikuwa akiuza mboga langoni, mrenda na kunde na managu, ameketi kwenye kigoda akichambua majani huku akichambua na watu.

"Kukhu, gari linagonga injini!" vijana wa ghorofa ya pili walimtania akipita na fimbo yake ya mpera.

"Lenu pia litagonga," alijibu bila kusimama. "Ngojeni tu. Na mkiendelea na hizo sigara, litazimika kabla ya kugonga."

Lakini mimi alinieleza jambo asilowaeleza wao. Mwanawe wa pekee, mtu mpole anayefanya kazi ya karani, alikuwa amemwambia kwamba siku ngazi zitakapomshinda atamrudisha kijijini. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto mwema anavyosema. "Lakini huko kuna nani, mukhana?" Kukhu aliniuliza, akiniita msichana kwa lugha yao. "Nimetoka huko nikiwa na umri wako. Wenzangu wote wako chini ya udongo. Walio hai wako hapa langoni, wananibembeleza niwaongezee mboga." Kwa hiyo, msomaji, ukisikia hadithi ya goti hili, usifikiri ni hadithi ya maumivu tu. Vile vidato arobaini na vinane ndivyo vilivyokuwa mpaka kati ya Kukhu na kutolewa katika maisha yake.

Alihangaika nalo sana goti lile. Alipaka dawa za kuchua za kila rangi kutoka kwa wachuuzi wa Majengo, moja ikinukia karafuu, nyingine ikinukia petroli. Alikanda kwa chumvi moto iliyofungwa kitambaani, na hiyo kwa kweli ilimpa usingizi. Kuna kliniki moja ya uchochoroni alikodungwa sindano ndani ya goti lenyewe, akatembea kama msichana kwa majuma kadhaa, halafu maumivu yakarudi yameandamana na ndugu zake. Alimeza vidonge asubuhi kabla ya chai mpaka tumbo likaanza kumchoma. Mwishoni nikamshika mkono tukaenda hospitali kubwa ya serikali, tukakaa kwenye benchi mpaka nikawajua wagonjwa wenzetu kwa majina ya watoto wao. Daktari alitazama picha, akasema mfupa umelika, goti limechakaa. Kuna upasuaji, akasema, lakini alivyousema ungedhani anataja nchi ya ng'ambo ambayo hata yeye hajafika. Vidonge avimeze baada ya kula, tena siku za maumivu makali tu. Kisha akatuelekeza chumba cha mwisho, kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo.

Natamani mngemwona mama yule. Hakutoa dawa hata moja. Alimkalisha Kukhu kwenye kiti, akamwambia aunyooshe mguu, aushike hewani mpaka ahesabu kumi, aushushe polepole. Arudie mara kumi, kila asubuhi na kila jioni. Halafu akaitwaa fimbo kutoka mkono wa kulia akamhamishia mkono wa kushoto.

"Goti bovu ni la kulia," Kukhu akamkumbusha, akidhani amekosea.

"Ndiyo maana, mama. Fimbo inashikwa upande wa mguu mzima. Jaribu."

Kukhu alitembea hadi dirishani na kurudi. Akanitazama. "Miaka sita," akasema, "miaka sita nimeshika fimbo mkono usiofaa, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia!" Mama yule akacheka, akaipachika fimbo kipande cha mpira chini ili isiteleze, akamfundisha na ngazi. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, fimbo na mguu mgonjwa vitangulie. Njiani Kukhu aliligeuza somo hilo kuwa lake: kupanda, mzima amvute mgonjwa, kushuka, mgonjwa apelekwe mbele kama mgeni.

Alifanya mazoezi yale kama mtu anayelipwa. Juma la tano alijaza mchanga kwenye soksi ya marehemu mumewe, akaifunga kifundoni ili mguu uinue mzigo. Majirani walicheka. "Dawa gani hiyo, Kukhu, ya kupiga teke hewa?" Hata mimi nilidhani serikali imetutuma nyumbani mikono mitupu. Lakini mwezi wa tatu alikuwa akishuka bila kupumzika kwenye kona ya ghorofa ya kwanza. Mwezi wa nne alipanda na ndoo ndogo ya maji, bomba lilipokauka. Mguu ulikuwa umepata nyama ya kulishikilia goti, nalo goti likanyamaza kidogo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nani atampigia kigelegele mama mzee anayeinua mguu chumbani kwake?

Ndipo likaja kongamano la injili katika uwanja ulio nyuma ya ploti zetu, siku tatu, maspika manne na mhubiri mgeni aliyevaa suti nyeupe kwenye vumbi lile lote. Kwaya yetu ndiyo iliyoimba. Siku ya mwisho, saa tisa alasiri, mhubiri alisema wote wenye fimbo waziinue juu. Kukhu alikuwa ameketi nyuma kabisa, ametulia na leso yake. Mimi ndimi niliyetoka kwenye kwaya nikaenda kumchukua.

"Kukhu, twende."

"Niache hapa, mukhana. Mimi Mungu ananijua hata nikikaa nyuma."

"Twende tu, Kukhu! Je, kama ni leo?"

Mnanijua nilivyo. Nilishaona kichwani mwangu akicheza, akikimbia. Basi akanifuata, kwa sababu alinipenda. Mhubiri akamwekea mkono kichwani, akapaza sauti, akaikwapua fimbo na kunitupia mimi, akamwambia, "Tembea!" Na Kukhu akatembea. Hatua kumi na mbili juu ya ardhi tambarare. Uwanja ukalipuka. Watu walilia, mimi nikalia, nikaiinua fimbo juu kama kombe. Katika watu wote wale hakuna aliyekumbuka soksi ya mchanga. Mimi niliyekuwa nimeiona ikifungwa kila asubuhi, mimi pia sikuikumbuka.

Kwa vile nina mwandiko mzuri, mchungaji wetu aliniomba niandike kwenye karatasi ngumu kwa wino mwekundu: GOTI HILI LIMEPONA. Fimbo ikapigiliwa misumari miwili ukutani mwa kanisa, kando ya mimbari, na maneno yangu chini yake. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kuwahi kutundikwa mbele za watu. Nilijivuna nayo kuliko makala yoyote niliyoandika baadaye.

Jioni ile ile ya kongamano Kukhu alisimama chini ya ngazi, mkono mmoja ukutani, akatazama juu. "Fimbo yangu iko wapi?"

"Kukhu, si umepona?"

"Nimepona, sawa," akasema. "Lakini ngazi hazijaokoka."

Tulicheka, mimi na wenzangu wa kwaya, tukampandisha kwa kumshika kwapa. Kichekesho kile kilizunguka ploti mwezi mzima. Hakuna aliyekisikiliza.

Baada ya hapo yale mazoezi yakawa dhambi. Akina mama wa kanisa walimkuta siku moja na soksi mguuni, wakamwambia anamwonyesha Mungu kwamba hajaamini. Akawa anafunga mlango kwanza. Halafu akaacha. Sauti ya asubuhi ikabadilika: ndara tu, na kiganja kikiburuzwa ukutani. Nilikuwa nimelala nikiisikia, na najua kwamba niliisikia. Siku moja alinikuta nikifua, akainama karibu.

"Mukhana, niletee fimbo yangu. Utasema imeanguka. Nitaitumia kwenye ngazi tu, langoni hawataiona."

Nikamjibu, na jibu lenyewe ndilo linalonifanya niandike leo: "Kukhu, watu watasema nini?"

Alinitazama kidogo. Hakukasirika. Akasema, "Haya," akachukua kigoda chake.

Alianguka siku nane baadaye, asubuhi, kwenye kona ya ghorofa ya pili, nyonga ikavunjika. Wale vijana wa sigara ndio waliomshusha kwa blanketi, mmoja akilia waziwazi. Walipomruhusu kutoka hospitalini mwanawe alikuja na pikapu ya kumpeleka kijijini, amekwisha kupakia godoro. "Ni wiki mbili tu, mama, upate nguvu," akamwambia. Kukhu alinipa funguo za chumba nizishike. Tulijua wote watatu kwamba si wiki mbili. Chumba kilipata mpangaji mwezi uliofuata, naye Kukhu huko kijijini hakusimama tena kwa mguu wake. Nilimuuliza mchungaji imekuwaje. Akaweka mkono begani kwangu akasema imani ya mama ilipungua. Fimbo ikabaki ukutani, na maneno yangu chini yake, na kila Jumapili wageni walikuwa wakionyeshwa.

Mimi bado naomba, msinielewe vibaya, jana nimeomba. Na mhubiri yule simwiti mwongo, maana sijui alichokiamini chini ya suti yake. Ninachokijua ni kwamba tunapenda muujiza kuliko tunavyompenda mtu. Sisi wa mitaa hii, tunaojengewa ghorofa baada ya ghorofa na mtu asiyewahi kupanda ngazi zake, tumechoka kusubiri, na mguu unaoinuliwa mara kumi asubuhi na mara kumi jioni ni kusubiri kwingine tena. Hauna kelele wala haupigiwi kinanda. Kila nyumba mtaani ina magoti ya namna hiyo, ya akina mama waliosugua na kubeba, nasi tunawaletea mafuta na sindano na maombi, chochote kile alimradi kisichukue muda wetu. Kama kuna la kujifunza, ni hili: mzee akikuambia kinachomshikilia, mwamini yeye kabla ya kuuamini umati. Na usimnyang'anye mpaka umepanda naye ngazi zake.

Jumamosi, baada ya lile tangazo la redio, nilikwenda kanisani saa za mchana, wakati hakuna mtu. Nilipanda kwenye kiti, nikang'oa misumari miwili kwa nyuma ya nyundo ya dada yangu. Karatasi niliikunja nikaitia mfukoni. Fimbo nikaja nayo mpaka kwenye ploti, mkono wa kushoto, nikajaribu ngazi zote: kupanda, mzima amvute mgonjwa, kushuka, mgonjwa mbele kama mgeni. Tup. Shrr. Pa. Hakuna aliyetoka kutazama. Halafu nikaiegemeza chini kabisa, pale kidato cha kwanza kinapoanzia, upande ambao mkono wa kushoto ungeifikia.