Kikapu Hakirudi Kitupu

Jirani yangu wa chini ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa amepanda ngazi kuniletea githeri kwenye bakuli lake la bati, akasimama kwenye veranda yangu akiitazama mikebe ya maua niliyoipanga juu ya ukuta.

"Jirani, hii maua yako iko na mba."

Nikacheka. Nilidhani ni vumbi, maana barabara iliyo mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa inachimbwa. Yeye akainama, akachokonoa kwa ukucha katikati ya majani, akanionyesha. Kilikuwa kitu cheupe kama uzi wa pamba, na ndani yake kidudu kilichojipaka unga, kikitembea polepole bila wasiwasi wowote.

"Hii naijua. Kwetu ilikuwa inaingia kwa kahawa. Na ona hao sisimizi wakipanda. Hao ndio wachungaji. Wanaikamua kama ng'ombe."

"Dawa yake?"

"Kwa kahawa, baba yangu alikuwa anapaka kitu kwa shina, sisimizi wasipande. Sasa hapa utapaka wapi? Hii maua haina shina." Nilipomimina githeri sufuriani, akapokea bakuli lake, akaliangalia ndani, akanitazama. "Leo usiniwekee kitu."

Hapo sikumwelewa.

Mimea yenyewe ina majani manene yaliyojipanga kama waridi, rangi yake kati ya kijani na majivu. Mama aliipanda juu ya ukuta wa mawe nyumbani kwetu Tetu, ikawa inaishi kwa mvua na kusahauliwa. Hatukuwa na jina lake. Kila nilipokwenda kumwona nilibeba kikapu chenye sukari na mkate, na kila nilipoondoka kilikuwa na viazi au ndizi, na juu kabisa kichipukizi kimoja kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Kikapu hakirudi kitupu," alikuwa akisema, kana kwamba kuna aliyembishia.

Vile vichipukizi vilifika mbali. Mjini Kenol nililinda ghala la mbao. Karatina niliuza mitumba. Nanyuki niliosha magari ya wageni katika hoteli moja. Kila chumba nilichopanga kilikuwa na mkebe dirishani, na kila nilipohama niliuacha. Sikuona sababu ya kubeba udongo. Ukuta wa Tetu ulikuwepo, mama alikuwepo, na mimi nilikuwa na njaa ya mji unaofuata. Nikishafika huko ndipo nilipoanza kuukumbuka ule niliotoka.

Tulipomzika mama, mke wa kaka yangu alinirudishia kile kikapu, ambacho nilikuwa nimekiacha jikoni safari iliyotangulia. Ndani mlikuwa na kichipukizi kimoja, kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Shemeji, mama angetoka huko aliko anigombeze kama ingerudi tupu," alisema.

Basi hicho ndicho nilichokipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, hapa Nyeri mjini, ninapofanya kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Kiliota vizuri, kikazaa, nikajaza mikebe mingine. Na kwa kuwa mimi si mpishi wa kumpelekea mtu chakula, kila jirani aliponiletea bakuli la githeri au mukimo nililirudisha na kichipukizi ndani. Baada ya muda karibu kila dirisha la ploti lilikuwa na mkebe. Asubuhi nikienda kazini nilikuwa nauona ukuta wa mama umetawanyika madirishani mwa watu, nikajisikia kama mtu aliye na kwao.

Vita nilivianza kwa sabuni ya unga. Niliyeyusha kidogo katika maji, nikaosha jani moja moja kwa mswaki wa zamani. Jirani alipita na ndoo yake ya nguo, akasimama.

"Ai! Mwanaume mzima anapigisha maua mswaki! Jirani, oa. Nakuambia kwa uzuri, oa."

Wale wadudu walitoweka, nikafurahi, wakarudi. Nikajaribu majivu ya jiko, kama mama alivyoyatumia kwenye sukumawiki. Nikajaribu pamba na spiriti, nikigusa kidudu kimoja kimoja hadi kigeuke rangi ya kutu. Nikakalisha ubao wenye mikebe juu ya makopo yenye oili chafu, nikijua sisimizi hawataogelea. Hawakuogelea. Walikuwa tayari ndani ya udongo, na wachungaji hawakuhitaji kwenda popote. Katika duka la dawa za shamba nilipewa chupa ndogo. Ile dawa iliunguza majani yakawa kama ngozi iliyomwagiwa uji moto, na wadudu wakahamia kwenye mizizi. Nilipomwaga mkebe wa kwanza nilikuta mizizi imevaa pamba yote, kama iliyofungwa bandeji.

Wakati huo ndipo jirani alipopanda tena, safari hii ameushika mkebe wake mwenyewe.

"Mba imeshuka kwangu. Na kwa mwalimu wa pale mwisho. Na kwa yule msichana wa saluni." Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilikuambia usiweke kitu kwa bakuli."

Nilikuwa nimewapelekea mlango kwa mlango, pamoja na shukrani zangu.

Jumapili moja nikaenda Tetu kutafuta kichipukizi kisafi. Ukuta ulikuwepo, lakini juu yake palikuwa na saruji mpya na mabati ya zizi la ng'ombe. Shemeji alinikaribisha chai.

"Yale maua ya mama? Aa, shemeji, yaliingiwa na kitu nyeupe. Tuliyang'oa, tukachoma. Hiyo niliyokuwekea ndiyo ilikuwa inaonekana mzuri."

Kwa hiyo nilikuwa na ile mba kuanzia mwanzo. Mama pengine alikuwa nayo pia, na macho yake ya siku za mwisho hayakuona vitu vidogo.

Mkebe wa mwisho ulipobaki na waridi moja la majani lililonyauka, nilikumbuka Nanyuki. Mwenye nyumba wangu kule alikuwa mjane Mwislamu aliyepangisha vyumba vya nyuma ya nyumba yake. Nilipohama nilimwachia mkebe mlangoni, bila hata kuaga vizuri. Nikatia ndizi na nduma katika kikapu cha mama, nikapanda gari kwenda huko.

Alinitambua kwa sauti.

"Wewe! Bado hujatulia tu? Umeoa?"

"Bado, mama."

"Sasa unaogea nani?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akanikalisha uani, akamimina chai ya tangawizi. Na pale karibu na mfereji, ndani ya karai kuukuu lililotoboka, nikauona ukuta wa mama. Mimea ilikuwa imejaa karai, ikamwagika pembeni, mingine imeshika kwenye ufa wa sakafu. Nilipiga magoti nikafunua majani ya chini. Hakukuwa na pamba wala sisimizi. Palikuwa na matone ya maji tu.

"Ni ya kwako hiyo," alisema. "Mimi sikuifanyia chochote, mwanangu. Namwagia maji ya kuoshea mchele."

Akatoa ndizi na nduma kwenye kikapu, akakata vichipukizi vitatu vilivyonona, akaviweka ndani. "Chombo hakirudi kitupu," akasema, na mimi ikabidi niangalie pembeni.

Nilikuwa nimekaribia stendi nilipoinua kikapu kuvitazama tena. Ndipo nikaona, chini kabisa, katika pindo la ufumaji wa mkonge, uzi mweupe. Niliuchokonoa kwa ukucha. Ulikuwa na kidudu ndani. Kikapu kile kilikuwa kimening'inia verandani kwangu, juu ya mikebe, miezi yote hiyo. Na muda wote tulipokuwa tukinywa chai kilikuwa kimeegemea lile karai.

Nilirudi mbio. Nilimweleza mlangoni, nikihema. Akanisikiliza, akacheka, akanipiga bega.

"Kadudu kadogo hivyo ndiko kamekurudisha? Mola ndiye mwenye mimea. Nenda, utakosa gari."

Nilimwomba ruhusa niangalie. Nilipekua lile karai jani kwa jani, hadi magoti yakalowa, huku yeye akinishikia mwamvuli kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Sikuona kitu. Nilimwachia vile vichipukizi vitatu, nikamwambia avitupe motoni, nikaondoka na kikapu kitupu.

Sikuona kitu. Lakini hata siku ile niliyofungua jani la mgomba nyumbani kwangu, baada ya mazishi, sikuwa nimeona kitu.