Maji Yaliyolaza Mchicha Wangu

Ndoo nzima ya maji niliimwaga mbele ya mwenyekiti wa soko letu la Barani, mtoto mgongoni analia. Viatu vya mwenyekiti vikalowa. Sikuomba radhi.

Nilikuwa nimechoka. Tangu mfereji wa maji matamu ukatwe, tukaunganishwa na kisima, mchicha wangu ulikuwa haufiki adhuhuri. Naupokea asubuhi kutoka mashamba ya Magarini, majani yamesimama. Naunyunyizia maji usinyauke, ndiyo kawaida yetu wauza mboga. Basi kila nikinyunyiza, unazidi kulala. Na mimi naongeza maji! Nikafika hadi ya kuloweka mashina ndooni. Jioni mbuzi wa jirani ndio wanaoula, na mwanangu anakunywa uji usio na maziwa.

Siku hiyo ndipo nilipoyaonja. Chumvi tupu.

"Mwenyekiti, maji haya yanaua mboga."

"Maji ni maji, mama. Labda wewe una nuksi. Mbona shubiri hapo kisimani imestawi? Si yanywa hayo hayo?"

Nikamjibu kwa sauti, baiolojia ya sekondari ikanitoka yote. Jani la mchicha ni laini. Kinacholisimamisha ni maji yaliyojaa ndani ya seli zake, yanasukuma kuta zake kama upepo ndani ya mpira. Chumvi ikizidi nje, maji yanatoka, jani linalala. Shubiri ina ngozi nene yenye nta, na ndani seli kubwa zimejaa utomvu unaoshika maji. Tena ina mizizi. Mchicha wangu ni fungu lililokatwa.

"Ala! Tumepata daktari wa mchicha," akasema muuza nyanya wa meza ya pili. "Haya daktari, nyanya zangu mbona nzima?"

"Zina ganda, dada. Ungeuza mchicha usingecheka."

Mwenyekiti akaniambia niende nikalale, kunyonyesha kumenipanda kichwani. Hapo ndipo ndoo ilipomwagika.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya wadi. Karani akauliza, "Lazima tuandike, mama? Si mzungumze tu?" Nikamwambia tumeshazungumza. Akaandika nilivyomtajia:

"Mimi, muuza mboga, nalalamika rasmi kwamba tumeunganishiwa maji ya chumvi bila kuambiwa, na mboga zetu zaharibika. Nilipomweleza mwenyekiti, alinitukana kwa sababu nanyonyesha. Naomba maji yapimwe, mfereji wa maji matamu urudishwe, naye anijibu mbele ya wauzaji wote."