Firigisi ya Nkwabi

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Mimi si mtu wa kuona-ona vitu, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata togwa. Ilikuwa Krismasi, saa kumi na moja jioni, mwanga bado unatosha kutia uzi kwenye sindano. Ukitaka kucheka, cheka, shauri yako.

Mimi ni mtu wa Muheza, nafundisha Bariadi. Mwaka ule likizo ilikuwa fupi na kwetu ni mbali, basi mwalimu mwenzangu Kabula akanichukua kwao Ngulyati tukale sikukuu. Njiani akaniambia kwamba kaka yake mkubwa, Nkwabi, alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu miaka sita iliyopita na hajasikika tena. Ndugu walishauri matanga yawekwe, mama yao akakataa katakata. Kwa mama, Nkwabi yuko hai.

Walinipokea vizuri mno. Jikoni nilidokoa firigisi ya kuku, na Maduhu, mdogo wa kiume wa Kabula, akapiga kelele: "Mwalimu, acha hiyo! Firigisi ni ya mwenye mji!" Baba yao alishafariki, nikadhani basi ni yake Maduhu. Lakini mama aliiweka juu ya sahani moja ya wali, akaifunika, akaipandisha kabatini. Sikuuliza. Nilijua tu kuna mgeni atachelewa.

Baada ya kula wote wakaenda kanisani kusikiliza kwaya. Mimi nikasingizia kichwa. Ukweli ni kwamba nililikumbuka biriani la mama yangu nikataka kulia peke yangu. Mvua ikaanza. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Mara mlangoni, mara dirishani, simu haishiki mtandao. Umewahi kuwa na sikukuu ya namna hiyo?

Nilipotazama nje tena, mwanamume alikuwa amesimama kwenye uwazi wa ua wa minyaa.

"Mwadila, mayu," akanisalimu, kama anavyosalimiwa mama jioni. Nikaitikia mwadila, na Kisukuma changu kikaishia hapo.

"Mama yupo?"

"Wameenda kanisani wote."

"Nina njaa."

Kwetu mtu akisema hivyo humuulizi jina. Masufuria watoto walishayakwangua, imebaki sahani ya kabatini. Nikampa hiyo.

Sasa sikiliza. Mvua inanyesha, shati lake kavu. Matope ya kule yanamvua mtu kiatu, lakini miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe mpaka magotini. Nilipomnawisha, maji yaliyoanguka kwenye beseni yalikuwa safi vilevile. Na mbwa aliyenibwekea mimi tangu jana yake, alimlalia miguuni akitikisa mkia.

Alikula taratibu, wali wote. Akaisogeza sahani kwangu.

"Firigisi mpe Maduhu. Ni yake sasa."

Akaondoka. Nilimfuata mpaka nje, na kwenye matope niliona alama za mbwa tu, aliyemsindikiza. Ni hapo nilipoelewa nimemlisha nani. Na palepale nikasikia wenyeji wangu wanarudi, wanaimba.

Ungefanya nini? Nikimpa Maduhu ile firigisi, nimemzika Nkwabi, mtoto wa watu, siku ya Krismasi, mbele ya mama yake. Nikaitia mdomoni, nikaimeza karibu nzima.

Mama alikwenda kabatini moja kwa moja, kanga inachuruzika maji.

"Nani amekula?"

"Mimi, mama. Njaa ilinizidi."

"Na firigisi?"

"Na firigisi."

Maduhu akashika kichwa. Kabula alinitazama kama hanijui. Mama akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ng'wanawane, mwanangu, umenishtua! Kila Krismasi sahani hii inalala nzima, nami nashukuru. Aliye hai anakula huko aliko. Anayerudi kula kwao ni mfu. Afadhali ni wewe, mlafi wangu."

Mpaka leo pale nyumbani naitwa Mwalimu Firigisi, na ninacheka nao. Lakini kuku sili tena. Mvua ya jioni ikianza, popote nilipo lazima niinuke nikatazame mlango, na nikishautazama sipati pa kukaa. Kwa hiyo nakuomba, ukialikwa sikukuu kwa watu ukaona sahani imefunikwa, uliza ni ya nani. Usione haya kama mimi.

Krismasi iliyofuata nilirudi Ngulyati. Mama akapakua, firigisi akamwekea Maduhu, na kabatini hakuweka kitu. Baadaye tulibaki wawili tu tunaosha vyombo, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Siku ile, alishiba?"

Nilitaka kuuliza nani.

"Alishiba, mama. Alimaliza wali wote."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akanipa sahani niisuuze.